Zahanati na Wageni Wake: Utangulizi

Kaplong ni njia panda. Barabara itokayo Kericho kupitia Litein na Kapkatet hukutana hapo na ile ya Bomet na Narok, kisha safari huendelea Sotik na Kisii. Abiria wengi hupaona kwa dirisha la matatu tu: mahindi ya kuchoma, bodaboda waliojipanga kivulini, lori la majani chai likisubiri nafasi ya kupinda. Mimi huwaleta hapa wanafunzi wapya, kwa sababu mtu mwenye siku chache na nauli ya matatu anaweza kuzungukia karibu kila aina ya tiba ya kisasa iliyowahi kufika kijijini nchini Kenya. Papo hapo Kaplong pana hospitali ya misheni ya Kikatoliki. Kapkatet iko ya serikali. Litein ni ya Africa Inland Church. Ukishika njia ya Bomet utafika Tenwek, iliyoasisiwa na wamisionari wa Kimarekani, na ukiupita mji wa Bomet utaikuta Longisa, hospitali ya rufaa ya kaunti. Upande wa Kericho yako mashamba makubwa ya chai yenye hospitali na kliniki zake. Na kati ya hizo zote, juu vilimani na chini mabondeni, zimo zahanati ndogo ambazo asiyetoka kata hiyo hajawahi kuzisikia.

Hakuna hata moja iliyosimama kwa mkono wa serikali peke yake. Yuko aliyetoa kipande cha shamba, aliyechanga mabati, aliyetuma darubini kutoka ng'ambo, aliyekuja kwa mwezi mmoja kupasua wagonjwa, na anayepita boma kwa boma akipima unene wa mkono wa mtoto. Watu hao, na mapatano yao na vituo wanavyovisaidia, ndio somo letu. Karibu. Somo lenyewe halina idara yake chuoni. Wanahistoria wanalo, wanaanthropolojia wanalo, wataalamu wa afya ya umma wanalo, na wachumi hulipitia wakiwa njiani kwenda kwingine. Kila mmoja amelishika mahali pake na kuvuta upande wake.

Maandishi mengi utakayokutana nayo mwanzoni yanamhusu mgeni: kwa nini amekuja, amejifunza nini, amerudi kwao na moyo gani. Sina ugomvi na maandishi hayo, lakini nakuomba uyaweke kando kwa muda. Msimamo wa utangulizi huu ni kwamba somo linaeleweka vizuri zaidi likitazamwa kutoka ndani ya kituo, kwa macho ya muuguzi anayebaki pale gari la wageni likishaondoka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kazi yetu ni kuchunguza ni mwenyeji yupi aliyepona, na jembe lilimfikia nani.

Kwa hiyo tuanzie stoo. Zahanati ya kawaida ya eneo hili, ambayo katika mfumo wa Kenya ni kituo cha ngazi ya 2, huongozwa na muuguzi, si daktari. Muulize akufungulie stoo. Kila dawa ina kadi yake inayoonyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Dawa za serikali hutoka KEMSA. Hospitali za makanisa nazo hununua kwa wingi kutoka MEDS, ghala lililoanzishwa mwaka 1986 na makanisa ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti kwa pamoja. Rafu za chini ndizo za kutazama kwa makini. Huko mara nyingi hukaa vitu visivyo na kadi. Katika zahanati moja ninayoijua vilikuwa katoni ya plasta za kila ukubwa, dawa ya kikohozi yenye maelezo ya lugha ambayo hakuna hapo aisomaye, na mashine ya kutengeneza oksijeni ya volti 110. Umeme wa Kenya ni volti 240. Mashine ilikuwa nzima kabisa, na haikuwahi kuwashwa.

Hadithi kama hiyo inachekesha mara ya kwanza. Ukiisikia mara nyingi unaanza kuuliza maswali ya kitaaluma. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliokusanya orodha za vifaa vya hospitali kutoka nchi 16 zenye uwezo mdogo, ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa havifanyi kazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa misaada ya dawa mwaka 1996, ukisema pamoja na mengine kwamba dawa ifike ikiwa na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda, na iandikwe kwa lugha ambayo wahudumu wa nchi husika wanaielewa. Mwongozo huo unaeleweka na kila mtu. Lakini muuguzi anayepokea katoni mbele ya chifu, mwalimu mkuu, padri na wageni wenye kamera atasemaje kwamba hazimfai? Hapo ndipo somo letu linapoachana na uhandisi na kuingia katika mambo ya heshima, aibu na madaraka.

Historia yake ni ndefu kuliko wageni wengi wanavyodhani. Kuanzia miaka ya 1920 mabaraza ya wenyeji yaliyoundwa na serikali ya kikoloni yalitumia kodi ya Waafrika wenyewe kugharimia zahanati, na aliyehudumu humo alikuwa dresa, Mwafrika aliyefunzwa kufunga vidonda, kuchoma sindano na kutoa dawa chache. Tenwek ilianza kutibu mwaka 1937, ikiwa na wauguzi wa World Gospel Mission, na kwa zaidi ya miaka 20 haikuwa na daktari wa kudumu, hadi Ernie Steury alipofika mwaka 1959. Ukisoma vitabu vya misheni utaona miaka hiyo 20 ikipitwa kwa aya moja ili daktari aingie jukwaani. Usiipite. Ndiyo miaka ambayo wasaidizi wa Kikipsigis waliifanya sehemu kubwa ya kazi, na kwa mtafiti kijana nadhani hakuna shamba zuri zaidi la kulima. Kuhusu madaktari wa Kiafrika wa kanda nzima, kitabu cha John Iliffe cha mwaka 1998 bado ni cha lazima. Kwa madresa na wakunga wasaidizi, kazi kubwa ingali mbele.

Uhuru ulileta harambee. Kokwet, yaani baraza la majirani la Wakipsigis, ilikaa, mtu akakubali kutoa ekari, wengine wakachanga fedha za chai na ng'ombe, jengo likasimama, kisha wazee wakaenda wilayani kuomba nesi. Mwaka 1965 serikali iliondoa malipo kwa wagonjwa wa nje. Desemba 1989 malipo yakarudi chini ya sera ya kuchangia gharama. Mwaka 2004 yakapunguzwa kuwa shilingi 10 kwa zahanati na 20 kwa kituo cha afya. Mwaka 2013 yakafutwa katika ngazi hizo mbili. Mwaka huohuo huduma za afya za kaunti zikahamia kwa magavana. Nimeyataja haraka kwa kuwa utayakuta kila mahali. La kukumbuka ni kwamba kila sera ilipobadilika, pengo lililobaki lilizibwa na mtu fulani bila mshahara: mjumbe wa kamati aliyelinda jengo usiku, mama aliyefagia, kijana aliyejifunza kuandika rejista akitumaini kwamba siku moja ataajiriwa.

Hao ndio wanaojitolea walio wengi, nao ndio wanaosahaulika zaidi katika maandishi. Miriam Were, daktari na msomi Mkenya, alianza katika miaka ya 1970 huko Kakamega kuonyesha kwamba wanakijiji waliochaguliwa na wenzao wanaweza kubeba sehemu kubwa ya kinga ya maradhi, karibu na wakati ule ule ambapo mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 uliitangaza afya ya msingi kuwa njia ya dunia nzima. Mwaka 2008 alitunukiwa Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi nchini Japani. Kenya ilizindua mkakati wake wa afya ya jamii mwaka 2006. Kwa miaka mingi baada ya hapo mhudumu wa afya ya jamii alipewa kaya, mafunzo ya siku chache, daftari na shukrani.

Omba kuliona daftari hilo. Fomu MOH 513 inaorodhesha kila kaya: nani anaishi humo, nani mjamzito, choo kipo au hakipo, maji yanachotwa wapi. MOH 514 ni ya kazi ya kila siku. MOH 100 ndiyo karatasi ya rufaa anayopewa mgonjwa aende nayo zahanati. Mhudumu mmoja hutarajiwa kuangalia takriban kaya 100, na kaya 100 za vilima vya Sotik msimu wa mvua, tope likishika gambuti, si mchezo. Septemba 2023 serikali ilizindua upya kazi hiyo: wahudumu zaidi ya 100,000 nchi nzima, mkoba wenye kipimo cha presha, cha sukari na cha joto, simu badala ya daftari, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu itoke Nairobi na nusu itoke kaunti. Je, mtu anayelipwa shilingi 5,000 bado anajitolea, au ni mfanyakazi anayelipwa vibaya? Ruth Prince na Hannah Brown walihariri kitabu kizima kuhusu swali la aina hiyo, Volunteer Economies, mwaka 2016, kikiwa na mifano kutoka nchi kadhaa za Afrika. Ukikisoma, kisome huku umekaa na mhudumu mmoja akikuhesabia nauli, vocha ya simu na sabuni anazozitoa mfukoni.

Sasa tumgeukie mgeni, maana simdharau. Wapo wa namna nyingi. Yupo anayekuja na kambi ya matibabu ya siku tatu, mahema uwanjani mwa shule, foleni ya watu 500. Watu huenda kwa hiari yao na wengine hupata miwani au dawa ya minyoo iliyowafaa kweli. Tatizo huonekana juma linalofuata. Aliyekutwa na presha ya juu siku ya kambi atazipata wapi tembe za mwezi ujao, na je, jina lake liko katika rejista ya zahanati au lilikwenda uwanja wa ndege katika kompyuta ya mtu? Upo ushirika wa miaka mingi unaokaa sehemu moja. Kule Londiani, upande wa mashariki wa kaunti ya Kericho, shirika la Kiayalandi lililoanza mwaka 2002 kwa jina la Friends of Londiani, ambalo sasa linaitwa Brighter Communities Worldwide, limekuwa likirudi eneo lilelile mwaka baada ya mwaka na kufanya kazi na wahudumu wa huko. Eldoret kuna mfano mkubwa zaidi wa chuo kwa chuo: Moi na Indiana, walioanza pamoja mwaka 1989 wakifundishana udaktari, na mwaka 2001 ukazaliwa mpango wa UKIMWI unaojulikana kama AMPATH.

Ipo pia mifano ya kuogofya, na mwalimu asiyeisema anawadanganya wanafunzi wake. Jinja, Uganda, mwaka 2019, akina mama walifungua kesi dhidi ya Mmarekani asiye na mafunzo ya udaktari aliyekuwa akiendesha kituo cha watoto wenye utapiamlo. Kesi ilimalizwa kwa maafikiano mwaka 2020 bila yeye kukubali kosa. Kenya inamtaka daktari wa kigeni, hata wa wiki mbili, apate leseni ya muda kutoka baraza la madaktari. Mwanafunzi wa mwaka wa pili asiyeruhusiwa kushona kidonda kwao haruhusiwi kukishona Sotik. Sheria iko wazi, ila katika chumba chenye muuguzi mmoja na wagonjwa 60 anayeisimamia ni muuguzi huyohuyo.

Nikiulizwa ushirika uliozaa matunda unafananaje, huwa nasimulia habari ya koo. Madaktari wa Tenwek waliona kwa miaka mingi watu wa Bomet wakija wakiwa hawawezi kumeza hata uji; ugonjwa wao ulikuwa saratani ya umio, na wengi hawakuwa wazee. Mwaka 2002 Russell White na wenzake, wakishirikiana na watafiti wa taasisi ya saratani ya Marekani, walichapisha katika jarida la Lancet kwamba ugonjwa huu ni wa kawaida kwa vijana wa wilaya ya Bomet. Baadaye Michael Mwachiro, daktari Mkenya wa hapohapo Tenwek, aliongoza uchunguzi wa watu wasio na dalili yoyote. Walipitishiwa kamera kooni, umio ukanyunyiziwa aidini inayoacha bila rangi sehemu zilizoharibika, na zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi alikutwa na mabadiliko yanayoweza kugeuka saratani. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2016. Tazama mwendo wake: swali lilitoka wodini, fedha na maabara zikatoka nje, aliyeliendeleza swali akawa daktari wa nyumbani, na mgonjwa aliyechelewa akawekewa mrija wa kupanua njia ya chakula, akarudi kunywa maziwa yake ya mursik kwake. Sababu za ugonjwa bado zinabishaniwa: chai ya moto sana, moshi wa jikoni, upungufu wa madini, na mengineyo.

Habari ya pili ni ya malaria, na inahusu rejista. Nyanda hizi za baridi zilipigwa na milipuko ya malaria katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, ikatulia kwa miaka, kisha ikarudi kwa kishindo katika miaka ya 1980 na 1990. Kwa bahati, hospitali za mashamba ya chai ya Kericho zilikuwa zimeandika wagonjwa wao mwezi kwa mwezi tangu miaka ya 1960, na kituo cha hali ya hewa cha mashamba hayo kilikuwa kimeandika joto na mvua. Vitabu hivyo vya makarani vikawa uwanja wa ubishi wa dunia nzima. Mwaka 2002 Simon Hay na wenzake walidai katika Nature kwamba hali ya hewa ya nyanda hizi haikuwa imebadilika kiasi cha kueleza ongezeko la malaria. Wengine wa upande huo, akiwemo Dennis Shanks, wakaelekeza kidole kwa klorokwini iliyoacha kufanya kazi. Kundi jingine likasema joto limepanda na limechangia. Mwaka 2011 Judy Omumbo na wenzake walizipitia upya takwimu za joto za Kericho, wakazisafisha, na kuonyesha kwamba kwa kipindi cha miaka 30 joto lilikuwa limepanda kweli. Nawapa wanafunzi makala hizo zote wazisome kwa mfululizo, kisha nawauliza ni nani aliyeandika zile namba za mwanzo. Karani wa hospitali ya shamba na mtu wa kusoma kipimajoto alfajiri hawamo katika orodha ya waandishi. Kwangu nao ni washirika wa utafiti, na bado sijaridhishwa na namna taaluma yetu inavyowatambua.

Ubishi mkubwa kuliko yote ni ule wa serikali. Kuna wasemao kila kitanda kinacholetwa na mgeni ni kisingizio kwa kaunti kutonunua kitanda. Hoja ina nguvu, lakini jaribu kuisema mbele ya mtu aliyekuwa mjamzito mwaka 2017. Madaktari wa umma walikuwa wamegoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, na wauguzi wakagoma karibu miezi mitano baada ya hapo. Hospitali za misheni zikafurika hadi wagonjwa wakalala sakafuni. Hospitali hizohizo zina mzigo mwingine: hudai bima ya taifa fedha za matibabu zilizokwisha kutolewa. Mfuko wa bima hiyo, NHIF, ulipoipisha Mamlaka ya Afya ya Jamii tarehe 1 Oktoba 2024, madeni ya zamani hayakufutika pamoja na jina. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na katika eneo ambalo huduma za UKIMWI zilikuwa zimejengwa kwa fedha za mpango wa PEPFAR, maswali ya semina yakawa maswali ya mshahara wa mtu. Wewe unayeingia sasa umekuta somo likiwa limevuliwa nguo. Utaweza kuona, kituo kwa kituo, kilichokuwa kimeshikiliwa na nani.

Ushauri wa kazi ya mashinani sina mwingi. Jifunze Kikipsigis cha kutosha kusalimu na kuuliza bei. Kiswahili kitakufikisha mbali, ila wazee wa kamati wakianza kubishana hawatafanya hivyo kwa Kiswahili. Usije Julai na Agosti peke yake, miezi ya wanafunzi wa kigeni walio likizoni, ukadhani ndiyo hali ya mwaka mzima. Njoo pia Oktoba, bonasi ya chai ikilipwa, uone nani anamaliza deni la hospitali na nani ananunua mabati. Siku ya kliniki ya watoto fika mapema kuliko akina mama, ukae karibu na friji ya chanjo, umtazame muuguzi akiandika joto la friji hiyo, ambalo halitakiwi kushuka chini ya digrii 2 wala kupanda juu ya 8. Umeme ukikatika, utajua ndani ya nusu saa mpango wa dharura ni upi na ni simu ya nani inayopigwa kwanza.

Kuhusu vibali: leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, Nairobi, baada ya kamati ya maadili kuupitisha mradi wako. Kutoka hapo unakwenda idara ya afya ya kaunti, kisha kwa msimamizi wa zahanati mwenyewe, ambaye ana haki ya kukwambia urudi Alhamisi. Zahanati zinazozunguka Kaplong ziko chini ya Bomet. Ukielekea Kapkatet umeingia Kericho. Andika barua mbili.